Kilichobaki Chini ya Ufizi

1

"Nane," alisema Eliwaza Msengi, na mashine ya ukutani ikaandika. Akahamishia kijiti cha chuma upande wa pili wa gego lile lile, akakishusha taratibu mpaka kikagota. "Tisa."

Kijiti kilikuwa chembamba kama unyasi, kimechorwa alama za milimita. Ufizi mzima hukiruhusu kuingia mbili, au tatu kwa shida. Huu ulikimeza hadi tisa. Kilipotoka kilifuatwa na damu, na nyuma ya damu usaha kidogo wa rangi ya maziwa yaliyolala.

Juu ya ufizi, meno ya Zefania Kitundu yalikuwa meupe kama sahani ambayo haijatoka dukani. Mjini Singida watu waliyaita meno ya Bondeni, na wapo walioyatamani. Eliwaza hakuyatamani. Alikuwa ameyaona kwa watu wanne kabla ya huyu, na wote wanne walikuwa wanaoza chini.

"Dada tabibu," Zefania alisema alipopewa nafasi ya kufunga mdomo, "ukishuka kidogo tu utakutana na maji. Nchi yenyewe hii ya ukame, bora tufungue kisima kabisa."

"Huku nyuma unapiga mswaki?"

"Huku hapana. Kunatoka damu."

"Tangu lini umeacha?"

"Tangu ilipoanza kutoka."

"Umefanya kinyume. Ufizi unaotoka damu ndio unaohitaji mswaki zaidi. Ukiacha, unaupa ugonjwa nyumba bure." Akachukua sampuli ya taya la plastiki na mswaki mlaini. "Tazama. Usisugue meno kama unasugua sufuria. Laza mswaki hapa, jino linapokutana na ufizi, nywele zake ziguse vyote viwili. Mwendo mfupi, pole pole. Asubuhi, na kabla ya kulala. Katikati ya meno, kibrashi hiki. Wiki ya kwanza damu itatoka. Endelea. Wiki ya pili itapungua."

"Na nisipoumwa? Maana siumwi."

"Ugonjwa huu hauumi. Ndivyo unavyofaulu."

Alimwonyesha picha ya taya lake. Kila usiku utando laini wa vijidudu huota kwenye jino. Usipoondolewa, chokaa iliyomo kwenye mate huugeuza ukoga mgumu, na hapo mswaki hauna tena la kufanya. Ukoga ukishuka chini ya ufizi hupata weusi na ugumu wa jiwe. Mwili huupiga vita kwa miaka, na uwanja wa vita ni mfupa. Kwenye picha, mfupa uliolishika gego la mwisho la chini kushoto ulikuwa umeliwa hadi nusu.

"Pande tatu za kinywa tumeshamaliza," alisema. "Umebaki huu. Tukichelewa zaidi ya wiki mbili, gego hili tutaling'oa, na jirani yake atafuata. Sukari yako nayo haitashuka wakati kuna usaha kila siku."

Zefania aliitazama picha. Alikuwa na miaka arobaini na sita, bega moja limeshuka chini ya jingine, na hakujua kwa nini limeshuka.

"Mnaukwangua, halafu?"

"Unachomwa tanurini."

"Wanasema ukoga unasomeka."

"Unasomeka."

"Basi umechoma pande tatu za miaka yangu."

Eliwaza hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli, na alikuwa amefanya hivyo kwa mkono wake, kwa mujibu wa sheria, bila kuguswa na lolote.

Yaliyompata Zefania yalikuwa halali. Karibu miaka kumi na miwili iliyopita, Kampuni ya Bonde ilimchukua kwenda kuchimba chumvi za betri mahali pasipotajwa kwenye ramani yoyote. Masharti yalikuwa yameandikwa kwa Kiswahili chepesi. Mkataba ukiisha, mfanyakazi hupigwa sindano, hulala siku tatu, na huamka bila miaka aliyoitumikia. Siri ya mahali pa chumvi hubaki Bondeni. Wakati amelala hunyolewa nywele, hukatwa kucha, husuguliwa ngozi ya nyayo na kukwanguliwa meno, kwa kuwa vyote hivyo hukumbuka. Alitia saini mwenyewe, akiwa na akili timamu: *Sitatafuta, na sitaki kuambiwa.*

Lakini mkwanguaji wa kampuni alikuwa mtu wa kutazama kwa macho. Kwenda chini ya ufizi kunahitaji ganzi, na kidonda huchukua wiki kadhaa kupona, ilhali gari la kuwarudisha watu huondoka mchana ule ule. Kwa hiyo alikwangua kinachoonekana, akakiacha king'are. Ni kosa la zamani katika kazi hii.

"Nikuulize kitu cha kijinga?" Zefania alisema akifuta mdomo.

"Uliza."

"Mtu anaweza kuwa na njaa wakati ameshiba? Si ya tumbo. Ni kama nimeitwa kutoka chumba cha pili, nikienda nakuta hakuna chumba."

"Hilo si la meno," alisema Eliwaza.

"Najua. Ila wewe ndiye unayenichungulia ndani."

2

Tabea, mke wa Zefania, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na mkoba mapajani. Alimngoja mumewe apite kwenda dukani kununua kibrashi, kisha akaingia bila kubisha hodi.

"Tabibu, nataka ule upande wa mwisho usomwe."

"Una haki. Wewe ndiye mdhamini wake." Sheria ilimpa kila aliyefutwa kumbukumbu mdhamini kwa mwaka mmoja tangu arudi, na mdhamini aliweza kuomba kusomewa. Aliyefutwa mwenyewe hakuweza. Mtaalamu ambaye angemwambia jambo lolote la miaka iliyofutwa, hata kwa kuombwa kwa magoti, angenyang'anywa leseni. "Lakini ukisikia, huwezi kurudi kutosikia. Na kipande kinasomeka mara moja tu. Mashine inakiunguza kadiri inavyosoma."

"Nimeelewa."

"Kwa nini sasa? Amerudi miezi minane."

Tabea alifungua kifungo cha mkoba, akakifunga.

"Asubuhi napika uji. Anachota kijiko, anapuliza, anaonja pembeni kidogo tu, hivi. Halafu anakinyoosha." Alinyoosha mkono wake mbele, chini ya usawa wa meza. "Anakinyoosha pale, tabibu, mahali ambapo hakuna mtu. Anashtuka, anacheka, anasema usingizi. Kila asubuhi. Siku mia mbili arobaini usingizi gani?"

"Hamkuwa na mtoto."

"Hatukujaliwa. Ndiyo sababu alienda. Alisema akirudi tutaenda hospitali kubwa." Akafungua tena kifungo cha mkoba. "Mimi kungoja nimekuzoea. Nimengoja mpaka watu wakaacha kunipa pole. Lakini nilikuwa namngoja mtu, na aliyerudi na yeye anamngoja mtu. Nyumba moja ina wangojaji wawili. Nani atafungua mlango?"

Eliwaza alimpa kikopo kidogo cha plastiki.

"Tema mate humu. Nitayahitaji ya kulinganishia."

3

Alikwangua upande wa mwisho Jumanne, kwa ganzi, dakika hamsini. Zefania alikuwa amefumba macho. Kipande kikubwa kilitoka chini ya gego kikiwa kizima, cheusi, chenye ukubwa wa punje ya uwele. Eliwaza alikiweka kwenye kisahani cha kioo, akaisafisha mizizi mpaka ikawa laini chini ya chombo, akauosha mfuko wa ufizi kwa dawa, akampa mgonjwa pamba ya kung'ata.

"Siku mbili usile vya moto. Kesho mswaki kama kawaida, pole pole."

Zefania alitazama kisahani. Sheria haikumkataza kutazama. Aliondoka ameng'ata pamba.

Kisomeo kilikuwa katika chumba cha nyuma, mashine yenye ukubwa wa cherehani. Mate ya mtu hubadilika kati ya mchana na usingizi, na ukoga hunasa mabadiliko hayo kwa matabaka membamba, moja kwa siku, kama mti unavyohesabu miaka yake. Mwanga mkali huunguza tabaka baada ya tabaka, na moshi wa kila tabaka hueleza kilichokuwamo: chembe za wanga, chavua, vumbi, vijidudu na vinasaba vya kila mdomo uliokaribia mdomo ule. Kusoma punje ile kulichukua saa sita. Eliwaza alikaa nayo, akanywa chai ikiwa imepoa.

Matokeo aliyaandika kwa mkono, kama alivyofundishwa, akitenganisha kilichopatikana na kinachodhaniwa.

Siku ya kwanza ya mkataba hadi ya arobaini na moja: kijidudu cha ukoo ule ule uliomo kwenye mate ya mke, kikipungua kila siku. Siku ya arobaini na mbili: hakipo.

Kutoka hapo: vumbi la magadi na mwani wa ziwa chungu, kila tabaka. Wanga wa ulezi.

Siku ya 1,207: mdomo wa mtu mzima mwingine, wa kike. Huendelea hadi siku ya 2,940, na hukoma kati ya tabaka moja na jingine, bila kufifia.

Hapo Eliwaza alisimamisha kalamu. Kijidudu cha mtu aliyeondoka polepole hufifia. Cha aliyeacha kukaribiwa ghafla, na mdomo wa aliyebaki ukaoshwa kwa dawa kali ya wanaouguza wagonjwa, hukatika. Kwenye tabaka lile kulikuwa na dawa hiyo. Hakuandika *amekufa*. Aliandika: *sababu haijulikani*.

Siku ya 1,850: vinasaba vya mtu wa tatu. Nusu ni vya mgonjwa, nusu ni vya yule mwanamke. Jinsia, kike. Kuanzia siku ya 2,040 vipo kila siku, pamoja na ulezi uliosagwa laini kuliko unaoliwa na watu wazima. Vipo hata baada ya yule mwanamke kukoma. Vinaongezeka.

Siku ya 4,006, siku tisa kabla ya sindano: nyuzi mbili za pamba zenye damu ya mtoto huyo, na chembe ya mzizi wa jino la utotoni.

Alilisoma tabaka hilo kwenye kioo mara mbili, ingawa mashine haikosei. Lilikuwa na maana moja tu yenye akili. Mtoto alikuwa na jino linalolegea. Baba alilifunga uzi, akalivuta, kisha akaukata uzi kwa magego.

Matabaka mia mbili arobaini ya juu kabisa, tangu arudi nyumbani, yalikuwa na mtu mmoja tu. Yeye mwenyewe.

Eliwaza alizima mashine. Kisahani kilikuwa kitupu.

4

"Ni msichana," alimwambia Tabea kesho yake. Aliusoma ukurasa wote, bila kupunguza na bila kuongeza. Tabea alisikiliza akiwa amenyooka, kama anayesomewa hukumu ya mtu mwingine.

"Mimi nimo?" aliuliza mwishoni.

"Umo. Siku arobaini na moja za mwanzo."

"Na huku mwishoni? Tangu arudi?"

"Humo tena."

Tabea alitikisa kichwa mara kadhaa. "Ni kweli. Ananiheshimu mno. Ananiamkia kama mwalimu wake." Akacheka kidogo, bila sauti. "Arobaini na moja. Kumbe nilimsindikiza mbali."

Eliwaza aliweka karatasi nyingine mezani. Haikuwa siri. Ilikuwa ukurasa wa kanuni za kampuni zilizobandikwa hadharani katika kila ofisi ya kazi. Mtoto aliyezaliwa Bondeni hubaki katika bweni la kampuni mzazi wake anapoondoka. Mzazi anayemtambua anaweza kumdai kabla hajatimiza miaka saba. Baada ya hapo ni mtoto wa kampuni hadi atakapokuwa mtu mzima.

"Mzazi anayemtambua," Tabea alirudia. "Wakati wamemfuta."

"Ndiyo."

"Walioandika hivi wana watoto?"

"Sijui. Nimehesabu. Ana miaka sita na miezi saba, nikikosea ni kwa wiki chache. Imebaki miezi mitano."

Nje, mtu alikuwa akibishana na mpokezi kuhusu zamu. Tabea alingoja ugomvi upite.

"Tabibu, usimwambie."

"Siruhusiwi kumwambia."

"Hata ungeruhusiwa. Nakuomba kama mwanamke mwenzako. Akijua, ataondoka. Nilimtoa kwa miaka kumi na moja, nimerudishiwa koti lake likiwa na mtu ndani simjui, na bado nalitaka. Nipe muda. Labda atasahau kwamba amesahau."

Eliwaza aliitazama karatasi ya kanuni mezani. Saini ya Zefania ilikuwa halali. Mwenye saini aliomba asiambiwe, na tabibu anayedharau ombi la mgonjwa kwa kuwa anajua zaidi hastahili kazi yake. Lakini aliyetia saini hakuwa na mtoto. Alikuwa ameahidi kwa niaba ya mtu ambaye alikuwa bado hajawa. Na kulikuwa na mtu wa tatu asiyetia saini popote, mwenye pengo mbele la jino lililong'olewa kwa uzi, ambaye sheria ilikuwa imeandikwa kana kwamba hayupo.

Angeweza kupima kina cha mfuko wa ufizi kwa nusu milimita. Hili hakuwa na kijiti cha kulipimia.

"Sitamwambia," alisema. "Ila akiniuliza kama nilisoma, sitasema sikusoma. Sijawahi kumdanganya mgonjwa, na sitaanzia kwa mumeo."

"Hataniuliza mimi, atakuuliza wewe?"

"Atauliza."

Tabea alikunja karatasi ya kanuni mara nne, akaitia mkobani.

5

Wiki sita ni muda wa kupima tena. Ufizi ukisafishwa na kutunzwa, hukaza na kushika jino upya kadiri unavyoweza. Mfupa ulioliwa haurudi, ila kilichobaki hutulia.

"Tatu," alisema Eliwaza. "Tatu. Nne." Alishusha kijiti kando ya gego la mwisho. "Nne. Hakuna damu."

"Nimekuwa mwanafunzi bora," alisema Zefania. "Kibrashi kinaingia kila tundu. Mama huyu shahidi, nakaa bafuni mpaka ananigongea."

Tabea alikuwa amesimama dirishani. Safari hii aliingia chumbani pamoja na mumewe, na Eliwaza hakumuuliza kwa nini. Alikuwa amepungua uzito.

"Sukari?"

"Imeshuka. Daktari wa sukari anasema wewe ndiye umeishusha. Nikamwambia yule anachimba visima, si sukari." Zefania aliketi wima kwenye kiti. Utani ulimwisha usoni bila taarifa. "Dada tabibu. Nilikuwa nadhani ni ugonjwa wa meno. Ile njaa. Nilisema wakishanisafisha itaondoka na usaha. Sasa kinywa ni kizima, nayo imekuwa kubwa zaidi, kama imepata nafasi."

Eliwaza alivua glavu.

"Kile kipande," alisema Zefania. "Ulikisoma?"

Chombo cha kunyonya mate kilikuwa bado kinaunguruma. Eliwaza alikizima kwanza.

"Nilikisoma."

"Kilikuwa na nini?"

"Sheria inanikataza kukuambia. Saini yako mwenyewe inanikataza."

"Saini ya nani? Mimi simjui aliyeweka ile saini. Nimeitazama mara mia. Mwandiko ni wangu, ila simjui mtu yule alitaka nini."

"Zefa," alisema Tabea.

Hakugeuka kutoka dirishani. Alisema akitazama nje, penye ukuta wa stoo ya hospitali.

"Una mtoto. Wa kike. Ana miaka sita na miezi minane. Mama yake hayupo, hatujui yu wapi. Ulikuwa unamlisha uji wa ulezi, unamwonjea. Siku tisa kabla hawajakulaza ulimng'oa jino."

Zefania aliweka viganja vyake viwili juu ya magoti, akavitazama, kana kwamba vimetajwa mahakamani.

"Nimejua wiki sita," Tabea aliendelea. "Nilimwomba tabibu anyamaze, nami nikanyamaza. Kila asubuhi nilisema leo atakula uji kama watu. Nisamehe au usinisamehe, hilo tutalizungumza nyumbani. Sasa hivi hakuna muda." Akafungua mkoba, akatoa bahasha. "Nimeandika maombi ya kumdai. Nilienda ofisi ya kazi juzi. Kijana wa pale dirishani akasoma yote, akaniambia, mama, maombi mazuri, ila hujajaza jina."

"Jina la nani?"

"La mtoto. Wanalo kwenye daftari lao. Ukilitaja sawasawa, umemtambua. Unapewa nafasi moja tu; ukikosea, imekwisha."

Zefania alimgeukia Eliwaza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefikishwa mlangoni.

"Anaitwa nani?"

"Sijui," alisema Eliwaza. "Ukoga hushika chakula, vumbi, damu na mate. Haushiki jina."

"Hakuna kabisa? Pande zile tatu ulizochoma?"

"Hata zile. Sauti haiachi chembe."

Alisema hivyo kwa sababu ni kweli, na akaona kwamba ukweli ulikuwa umefika mwisho wa kazi yake. Aliketi kwenye meza ndogo, akafungua kumbukumbu ya mgonjwa. Kwenye safu ya vipimo aliandika tatu, tatu, nne, nne, damu hakuna. Chini yake aliandika: *Mgonjwa amejulishwa yaliyosomwa.* Fomu iliuliza, na nani. Alikuwa na uwezo wa kuandika *mdhamini*, ambaye sheria haimkatazi, na isingekuwa uongo. Akafikiria kwamba mgonjwa asingeambiwa leo kama yeye asingejibu *nilikisoma*. Akaandika: *Na mdhamini, na mimi.* Akaituma kabla hajaisoma mara ya pili. Baraza la leseni lilikuwa na kawaida ya kujibu ndani ya siku thelathini.

Aliposimama, Tabea alikuwa ameondoka dirishani. Alikuwa amevuta kigoda cha msaidizi hadi kando ya kiti cha mgonjwa, amekaa karibu na mumewe kuliko walivyokuwa wamekaa tangu arudi, kwa kadiri matabaka yalivyoonyesha.

"Majina uliyoyapenda nayajua," alimwambia. "Tulipokuwa tunangoja wa kwetu uliyaandika nyuma ya kalenda. Kalenda niliitupa, majina sikuyatupa. Nitakutajia moja moja. Wewe usifikiri. Litamke tu, ulimi uone kama umewahi kupita hapo."

"Na kama si hayo? Kama mama yake ndiye aliyemchagulia?"

"Yakiisha yako tutataja ya dunia nzima. Tuna siku mia na kidogo. Haya. Nai."

Zefania alifungua mdomo. Fizi zake zilikuwa za rangi ya waridi, zimekaza, hazina ugonjwa wowote unaoonekana wala usioonekana.

"Nai," alisema. Alingoja. "Hapana."

"Wande."

"Wande. Hapana."

"Elinaja."

Alilisema polepole, mara mbili, la pili kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayemwita anayecheza uani na hataki kumshtua. Tabea alishika ukingo wa kiti. Eliwaza, aliyekuwa amefika mlangoni kumwita mgonjwa mwingine, alisimama na mkono kwenye kitasa.

"Sijui," alisema Zefania. "Karibu. Lakini siyo. Endelea."